Kutunga muziki wa filamu na tamthilia ukiwa Bagamoyo: maswali ninayoulizwa kila mara

Baraza yangu hapa Mji Mkongwe wa Bagamoyo haikosi mgeni siku ya Jumamosi. Leo ni kijana wa Taasisi ya Sanaa hapa mjini mwenye gitaa mgongoni, wiki ijayo ni mama aliyemleta mwanawe anayepiga kinanda kanisani, mwingine katoka Chalinze na flashi mfukoni kwa sababu aliliona jina langu mwishoni mwa tamthilia. Shikamoo, marahaba, kahawa, halafu swali. Na swali lenyewe karibu kila mara ni mojawapo ya haya yafuatayo. Nimechoka kuyajibu nusunusu, huyu akaondoka na kichwa na yule na mkia, ndiyo maana nimekaa nikayaandika. Haya ni mambo ninavyoyafanya mimi. Mwenzangu wa Dar au Arusha atakuwa na yake.

Mtunzi wa muziki wa filamu anafanya nini hasa? Si ndiye anayetoa ule wimbo wa kufungulia?

Wimbo wa kufungulia ni dakika moja na nusu. Kazi yenyewe ni ule muziki usioimbwa, unaopita chini ya maongezi, chini ya nyayo, chini ya ukimya wa mtu anayesoma barua.

Chukua mfano. Mama kaketi uani anachambua mchele. Mwanawe anaingia kwa kunyata, hajatamka neno. Ukilaza zeze refu linalolia pale, mtazamaji anajua kuna msiba njiani. Ukiweka marimba inayodonoadonoa, anajua mtoto kaiba sukari. Ukiacha bila kitu, anamwangalia mama usoni na kungoja. Picha haijabadilika hata kidogo. Wewe ndiye umeamua mtazamaji aingie na moyo gani, na hilo ndilo unalolipwa.

Wengi wanaokuja hapa ni wapigaji wazuri kunishinda. Kinachowakwamisha ni kwamba wamezoea wimbo wa redio, ambao kazi yake ni kuita watu: nisikilizeni! Muziki wa filamu ukiita watu, umeshaharibu. Mtazamaji akifuta machozi halafu asikumbuke kama palikuwa na muziki, mimi nalala usingizi mnono. Kama hilo linakuudhi, hakuna ubaya, toa nyimbo. Bongo fleva ina nafasi yake na ina pesa kuliko huku.

Kazi inaanza wapi na kuishia wapi?

Inategemea mwongozaji anakuita lini, na hapa kwetu anakuita jioni ya siku ya mwisho. Utaratibu mzuri ni huu: unapewa skripti mapema, unaisoma, unaanza kutafuta sauti ya hadithi. Wapo wanaokwenda mbali zaidi. Ennio Morricone wa Italia alimwandikia mwongozaji Sergio Leone muziki kabla kamera hazijawashwa, na Leone akawa anaupiga pale wanapopigia picha ili waigizaji watembee nao. Hildur Guðnadóttir wa Iceland naye alitunga muziki wa *Joker* akiwa na skripti tu mkononi, na ile ngoma ya chooni mwigizaji aliicheza akisikiliza selo yake.

Sisi wengine tunangoja picha ifungwe. Kufungwa maana yake edita amemaliza kukata na ameapa hatagusa tena. Hapo mnakaa, mwongozaji, edita na wewe, mnaitazama filamu yote mkisimamisha kila mahali: hapa muziki uingie, hapa utoke, hapa usiwepo kabisa. Unaandika taimukodi ya kila kipande, yaani saa, dakika, sekunde na fremu, ile picha moja moja. Televisheni zetu zinatumia fremu 25 kwa sekunde na filamu za sinema 24. Uliza mapema, maana ukikosea hapo, muziki utaanza vizuri na kumalizika umepitwa.

Kisha unatunga, unatuma majaribio, unarudishiwa, unarekebisha, unarekodi wapigaji, unamkabidhi mtu wa miksi, anayechanganya na kusawazisha sauti zote. Umkabidhi sauti zikiwa zimetengwa kwa makundi: ngoma faili lake, nyuzi lake, sauti za watu lake, ili mwigizaji akinong'ona ashushe ngoma tu bila kuua muziki wote. Faili ziwe za 48 kHz, yaani sauti inapimwa mara 48,000 kwa sekunde, ndicho kipimo cha kazi za video. Ile 44.1 ni ya CD. Utashangaa ni wangapi wanaoleta 44.1.

Na kuhusu kiapo cha edita: kuna sehemu moja ya tamthilia niliyoimaliza saa tisa usiku, nikatuma, nikalala. Asubuhi edita alikuwa amekata sekunde mbili mwanzoni, "mbili tu, dada". Vipande vyote kumi na moja vikahama. Kofi likawa linasikika kwenye muziki mkono umesharudi chini. Siku hizi nauliza mara tatu kama picha imefungwa, na jibu la tatu nataka liandikwe.

Unafanyaje muziki uangukie pale pale tukio linapotokea?

Kwa hesabu ya darasa la tano. Sekunde 60 gawanya kwa kasi ya muziki (mapigo kwa dakika), unapata urefu wa pigo moja. Kasi ya 60, kila pigo ni sekunde moja, yaani fremu 25 kamili. Kasi ya 120, nusu sekunde.

Tuseme mlango unafunguliwa, na sekunde 14 baadaye kikombe kinaanguka. Umeshika kasi ya 90. Sekunde 14 kwa kasi hiyo ni mapigo 21. Muziki wako ni wa nne-nne, yaani kila fungu lina mapigo manne, kwa hiyo mafungu matano kamili yanaisha kwenye mapigo 20, na kikombe kinaangukia pigo la pili la fungu la sita. Kinaanguka kilegevu, kama mtu aliyekosa ngazi. Una njia mbili. Punguza kasi iwe 85.7, mapigo 20 yajae sekunde 14, kikombe kitue kwenye pigo la kwanza. Au acha kasi ilivyo na uongeze pigo moja kwenye fungu mojawapo, liwe la mapigo matano. Mimi napenda hii ya pili. Mtazamaji hajui kuhesabu mafungu, lakini mwili wake unahisi kuna kitu kimechelewa, na kuchelewa huko kunamtia wasiwasi kabla ya kikombe.

Usigonge kila tukio, lakini. Mtu akikaa, ting; akisimama, tong; hiyo ni katuni.

Mwongozaji ameshaweka muziki wa filamu ya Kimarekani kwenye picha na anataka "kama huu". Nifanyeje?

Huo naita muziki wa kushikizia, kama fundi cherehani anavyoshikiza kwa pini kabla ya kushona. Una faida: unakuonyesha mwongozaji anataka kasi gani na uzito gani, hasa yule asiyejua kueleza muziki kwa maneno. Ubaya wake ni kwamba edita ameukatia picha, wameusikiliza wiki nzima, wameupenda, na sasa chochote utakacholeta kinaonekana kigeni ndani ya nyumba.

Usiunakili. Kwanza ni mali ya mtu, na ukipandishwa YouTube mfumo wao wa kutambua muziki haujali kwamba filamu yako ilipigwa Kaole. Pili, okestra ya watu themanini wa London chini ya picha ya mama anayekuna nazi inamfanya yule mama aonekane mgeni uani kwake. Muulize mwongozaji swali moja: kwenye huu muziki, ni nini unachokipenda? Mara nyingi jibu ni jambo dogo. "Ule mdundo wa chini unaoendelea." Basi. Mdundo wa chini unaoendelea tunao kutoka kwa Wazaramo na Wakwere, hatuhitaji kuuagiza.

Na akikataa muziki kabisa mahali ambapo wewe unauona? Andika hata hivyo, mwonyeshe mara moja, na ukikataliwa tena nyamaza. Mwongozaji Alfred Hitchcock alitaka mauaji ya bafuni kwenye *Psycho*, mwaka 1960, yasiwe na muziki. Mtunzi wake, Bernard Herrmann, akaandika zile fidla zinazopiga mayowe, Hitchcock akasikia, akabadili mawazo. Lakini kwa kila Herrmann mmoja wapo watunzi mia walioandika na mwongozaji ndiye aliyekuwa na haki. Mimi nimo kati ya hao mia, mara nyingi tu.

Lazima nijue kusoma nota?

Siyo lazima, ila utabanwa siku utakapokutana na mpiga fidla aliyesomea Zanzibar anayekungoja umpe karatasi na wewe unamwimbia mdomoni. Programu ya MuseScore ni ya bure, na miezi sita ya kujitesa inatosha kwa nota za kawaida.

Upande wa pili, wapigaji wangu wazuri wa ngoma hawasomi nota na hawana sababu ya kusoma. Kwao naimba, napiga mapajani, tunaelewana haraka kuliko karatasi. Jifunze lugha zote mbili.

Nikasome wapi?

Ukiwa hapa, jibu liko ufukweni. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianza mwaka 1981, na tangu 2007 ni wakala wa serikali kwa jina la TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Faida yake kwa mtunzi wa filamu, kwa maoni yangu, haimo darasani tu. Imo katika kuishi pamoja na waigizaji, wacheza ngoma na watu wa kamera uani pamoja. Mwongozaji wako wa miaka kumi ijayo yupo pale leo anakopa nauli. Mkopeshe.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya sanaa bunifu inayofundisha muziki pamoja na filamu. Ukitaka ala za nyuzi za taarabu, yaani kanuni, udi na fidla, vuka bahari uende kwenye chuo cha muziki cha nchi za jahazi, DCMA, pale Unguja. Hakuna chuo hapa nchini, niujuavyo, kinachokufundisha kazi hii kamili kuanzia skripti mpaka mkataba. Unaokota huku na huku.

Nianze na vifaa gani?

Kompyuta isiyokoroma, hedifoni za kusikilizia kazi (zile za kuzidisha besi zitakudanganya), kibodi ndogo, maikrofoni moja nzuri na kadi ya sauti. Programu ya kurekodia ya Reaper leseni yake kwa mtu binafsi ni dola 60 na unaruhusiwa kuijaribu kwa siku 60 kwanza. Sauti za bure zipo, mkusanyo wa LABS wa Spitfire kwa mfano. Acha kuiba programu: siku mteja wa nje atakapokutumia mradi, faili zako zitagoma mbele yake.

Nunua na kifaa cha kuhifadhi umeme kabla ya kununua spika kubwa. Sababu unaijua.

Kurekodi Bagamoyo kunawezekana kweli, na kelele zote hizi?

Mwaka wa kwanza nilipigana na mji. Kunguru alfajiri, bodaboda mchana, adhana mara tano, na upepo wa kusi unaosukuma madirisha ya mbao kama mdai. Sasa nimeupangia ratiba. Vitu vya kimya, zeze, filimbi, sauti ya mtu anayenong'ona, narekodi kuanzia saa saba usiku mpaka saa kumi. Ngoma narekodi mchana, maana ngoma haimwogopi kunguru.

Unyevu wa bahari ndio adui mkubwa zaidi. Ngozi ya ngoma inalegea kati ya rekodi ya kwanza na ya nne, na ukiunganisha vipande hivyo, mtu mwenye masikio anajua. Weka moto wa makuti uani, wapigaji waipashe ngoma ikaze, na andika kila rekodi ilifanyika dakika ngapi baada ya moto. Waya wa gitaa unapata kutu wiki mbili tu. Maikrofoni uilaze kwenye boksi lenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Watu wananicheka, lakini maikrofoni yangu ina miaka tisa.

Usisahau kwamba hizo kelele ni mali pia. Nina saa nyingi za sauti za mji huu: jahazi likivutwa mchangani, mnada wa samaki, mvua kwenye bati, miguu ya watoto wa madrasa kwenye mawe. Kipande kimoja ninachojivunia kimeanzia kwenye sauti ya tezo ya fundi wa majahazi. Niliikata, nikaifanya mdundo, zeze likaja juu yake. Mwongozaji hajui mpaka leo ile "ngoma ya ajabu" ni nini.

Ilimba na zeze nikivichanganya na nyuzi za kompyuta vinasikika vibaya. Ilimba yangu ni mbovu?

Ilimba yako, hicho kisanduku cha Wagogo chenye ndimi za chuma, ni nzima. Swali hili nalipenda, nivumilie nirefuke.

Piano imegawa oktava katika nusu-toni 12 zilizo sawa. Ni mgawanyo wa kukubaliana, ili uweze kupiga kwenye funguo yoyote. Wagogo hawakukubaliana na mtu. Wao wanachukua nota zao kutoka kwenye sauti ndogo zinazozaliwa ndani ya sauti moja kubwa. Uzi ukitetemeka, unatoa sauti yake, kisha mara mbili yake, mara tatu, mara nne, mara tano na kuendelea. Gusa uzi wa zeze kidogo kwa ncha ya kidole bila kuukandamiza, utazisikia. Sasa, ile sauti ya tano iko chini ya nota ya piano kwa karibu sehemu 14 za nusu-toni yenye sehemu 100. Ya saba iko chini kwa sehemu 31, karibu theluthi ya nusu-toni. Ndiyo ile nota ya Kigogo inayokufanya ushike kifua. Na ndiyo hiyo hiyo inayogombana na nyuzi za kompyuta.

Nimewaona maprodyuza wanaikwangua ilimba kwa tupa ilingane na kibodi. Inalingana, na inakufa. Fanya kinyume: pima kila ulimi wa ilimba kwa programu ya kupimia sauti kwenye simu, andika tofauti zake, halafu nenda kwenye kompyuta ukaishushe nota moja moja ya kibodi ifuate. Programu nyingi zinaruhusu. Ni kazi ya nusu siku, mara moja tu kwa kila ilimba, kwa sababu kila ilimba ina tabia yake. Au punguza: usiipe kibodi zile nota mbili kabisa, iachie ilimba iziseme peke yake.

Bagamoyo tuna bahati hapa. Marehemu Mzee Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, alifanya kazi mjini hapa mpaka alipofariki Desemba 2003, na rekodi zake zilizotolewa na kampuni ya Real World ya Uingereza zilifika mahali ambapo sisi hatujafika. Elimu ile haikuondoka naye. Wapo hapa mjini wanaotengeneza na kupiga. Nenda ukakae chini yao kabla hujapakua ilimba ya kompyuta iliyorekodiwa na mtu asiyejua hata inashikwaje.

Jambo la mwisho kwenye hili: zeze limekaa pale pale inapokaa sauti ya mtu anayeongea. Chini ya maongezi litamfunika mwigizaji hata ukilishusha. Lipe nafasi kati ya sentensi na sentensi, kama mtu mwenye adabu mazungumzoni.

Ngoma za asili si za wote? Naweza kutumia yoyote?

Hapana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi zisitumiwe kibiashara bila idhini. Hiyo ni sheria ya karatasi. Iko na ya uani: nyimbo za unyago na za mizimu zina wenyewe, na zina mahali zinapoimbwa. Niliwahi kuombwa niweke wimbo wa mwali kwenye tangazo. Nikaenda kwa bibi mmoja Kaole kuuliza. Aliniangalia, akaniuliza kama nimekula, akaniletea wali, hakujibu swali. Nilielewa, nikatunga kitu kingine.

Wapigaji ukiwarekodi, walipe siku hiyo hiyo, na majina yao yaandikwe kwenye filamu yakiwa kamili. "Ngoma: Kikundi cha Bagamoyo" si jina la mtu.

Kuna pesa?

Ipo kidogo na inachelewa. Kuna malipo ya kutunga, unayopatana kabla ya kuanza, na kuna mirabaha inayokuja kazi ikirushwa. Hapa kwetu ishi kwa ya kwanza, ya pili ichukulie kama embe lililodondoka lenyewe.

Tahadhari na malipo ya jumla, ambapo unapewa fungu moja na kila gharama ni yako. Mfano wa kufikirika: umepewa shilingi 1,500,000. Wapigaji wawili 300,000, nauli na chakula 100,000, mtu wa miksi 250,000, umeme na bando 100,000. Umebaki na 750,000. Kazi imechukua wiki sita. Ni 125,000 kwa wiki, na hujahesabu wiki ya saba ya "rekebisha kidogo tu". Kwa hiyo kabla ya kutaja bei, piga hesabu kutoka chini kwenda juu.

Mimi nataka nusu kabla sijafungua kompyuta, robo wakikubali majaribio, robo kabla ya kukabidhi faili za mwisho. Robo hiyo ya mwisho ndiyo yenye miguu. Mwachie mtu faili zote na itakimbia.

Mkataba uwe na nini? Sisi tunafahamiana, tutaandikiana kweli?

Hasa mnaofahamiana. Nilimtungia jamaa mmoja muziki wa msimu mzima wa tamthilia, tukiwa tumepatana kwa sauti mbili za WhatsApp na alama ya kidole gumba. Msimu wa pili akatumia muziki ule ule, bila simu. Mwaka uliofuata nikausikia chini ya kipindi cha mapishi. Nilipouliza nikaambiwa, "Si ulishalipwa?" Na kwa kweli hapakuwa na karatasi inayosema nililipwa kwa ajili ya nini.

Ukurasa mmoja unatosha. Muziki ni dakika ngapi. Marekebisho ni mara ngapi bila malipo ya ziada (mimi natoa mawili). Utatumika kwenye kazi ipi, misimu mingapi, televisheni gani, na mtandaoni au la. Nani anawalipa wapigaji. Jina lako litaandikwaje. Na haki ya utunzi inabaki kwa nani, maana kumruhusu mtu atumie ni jambo moja na kumuuzia kabisa ni jingine. Ukiona maneno "haki zote, milele, dunia nzima", bei yako ipande au kalamu irudi mfukoni.

Nikishatunga, najisajilije?

Haki unayo tangu unapoitunga kazi. Usajili ni ushahidi wake. Nchini mwetu inalindwa maisha yako yote na miaka 50 baada yako, na kwa kuwa Tanzania iliingia Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, mwaka 1994, inatambulika na nchi nyingine wanachama. Sajili kazi zako kwenye Ofisi ya Hakimiliki, ambayo mitaani bado inaitwa COSOTA, na wewe mwenyewe kama msanii Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA.

Halafu kuna karatasi ambayo hapa karibu hakuna anayeijaza nami naililia: orodha ya vipande. Kila kipande cha muziki kwenye filamu kinaandikwa jina, urefu kwa dakika na sekunde, nani katunga, na kilitumikaje: cha kufungulia, cha chini ya maongezi, au kinachosikika kwenye redio ndani ya hadithi. Vyama vya kukusanya mirabaha duniani vinagawa pesa za filamu na televisheni kwa kutumia orodha hiyo. Kazi yako ikinunuliwa na kituo cha nje na orodha haipo, muziki wako umepigwa na hauna baba. Usimngoje prodyuza, ijaze usiku ule ule unaokabidhi, wakati bado unakumbuka.

Nipate wapi kazi ya kwanza?

Kwa wanafunzi. Filamu fupi ya dakika nane ya mwanafunzi wa Taasisi itakufundisha zaidi ya mwaka wa kutunga bila picha. Fanya tatu, chagua dakika mbili nzuri, hizo ndizo za kuonyesha. Nenda kwenye Tamasha la Bagamoyo na ZIFF, tamasha la filamu kule Zanzibar, ukae na waongozaji, usiwapelekee flashi. Waulize kuhusu filamu yao.

Lazima nihamie Dar?

Tamthilia nyingi zinazokwenda kwenye chaneli kama Sinema Zetu ya Azam au Maisha Magic Bongo zinapikwa Dar, kweli. Lakini faili zinasafiri kwa bando, na basi ni nauli ya kawaida. Nakwenda kwa kikao cha kwanza na kwa miksi ya mwisho. Katikati wananipata hapa.

Mwanamke anaweza?

Rachel Portman wa Uingereza alichukua Oscar ya muziki wa filamu mwaka 1997. Mimi nalipa kodi ya nyumba. Swali linalofuata.

Akili unde haitatuondoa kazini?

Imeshawaondoa waliokuwa wanauza muziki wa kujaza tu. Ile nota ya saba ya Mgogo bado inaipiga kama piano.

Naweza kuja nikuonyeshe kazi yangu?

Njoo Jumamosi baada ya alasiri. Usilete wimbo. Leta dakika tatu za picha zenye muziki wako, na dakika tatu hizo hizo bila muziki, nitaanza na zisizo na muziki. Ukikuta taa ya mlangoni inawaka, ninarekodi: kaa barazani, usigonge, na simu uizime. Muuza kahawa atakupitia.